Kuku Katika Mafiga

Mdodosaji mwongo hujulikana kwa fomu safi. Akijifungia chumbani na kutunga majibu, mwandiko huwa ule ule toka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, wino mmoja, karatasi haijui hata jasho. Ndiyo maana Kunguru hakuanza kwa kusoma. Aliinua fomu moja moja kwenye mwanga wa dirisha, akazipindua, akakwaruza doa kwa ukucha, kisha akaunusa ukucha.

"Maziwa," akasema.

Dereva wake, aliyekuwa amekaa kizingitini akitafuna muwa, akacheka. "Mzee, ipo siku utanusa sumu."

"Nikinusa sumu utarithi viatu. Hii imeandikwa uani kwa watu, mtu anakamua ng'ombe pembeni. Na hii hapa ina alama ya kidole cha mtoto."

Makao makuu ya takwimu yalikuwa na wakaguzi wengi wenye vyeti vya kupamba ukuta, lakini namba ikianza kunuka alitumwa yeye. Jina la Kunguru walimpa wenzake wa ofisini, kwa kuwa hakikuanguka kitu chini asikigeuze.

Na namba ya wilaya hii ilinuka. Kipato cha katikati cha kaya zake kilikuwa kimepimwa mara tatu katika miaka kumi. Mara ya kwanza kilikuwa cha kujikongoja. Mara ya pili kilisogea kidogo. Mara hii ya tatu kimeruka kama panzi, tena baada ya misimu miwili mfululizo ya mvua kugoma. Kwa mruko huo wilaya ilikuwa imevuka mstari wa umaskini, na wilaya ikivuka mstari hulipiwa kidogo. Chumba cha kujifungulia cha zahanati, pamoja na dawa zake, mkunga wake na mafuta ya gari la wagonjwa, kilikuwa cha kwanza kukatwa. Kamati ingepiga muhuri leo saa kumi alasiri. Baada ya hapo mama mwenye uchungu angepelekwa hospitali kubwa, mwendo wa nusu siku kwa barabara ambayo hata mbuzi huilalamikia.

Mkunga alikuwa amepiga simu makao makuu na kusema neno moja: wizi.

Upande wa pili wa meza alisimama mtuhumiwa, msimamizi wa wadodosaji. Shati lake lilifungwa mpaka kifungo cha kooni na kalamu zake zilipangwa kwa urefu. Watu walimwita Rula.

"Sijadanganya," Rula akasema.

"Sijakuuliza."

"Lakini ndicho ulichofuata."

"Nimefuata namba. Wewe umesimama karibu nayo tu." Kunguru akazichanganya fomu kama karata, akafumba macho, akachomoa tatu. "Nakwenda kwa hawa. Wewe baki hapa, na simu yako niachie."

Rula akaiweka simu mezani, akainyoosha ikae sawa na ukingo wa meza.

*

Wa kwanza alikuwa fundi viatu. Kunguru hakumwambia alichokuja kutafuta.

"Kuna mtu alipita hapa kuuliza maswali?"

"Yule aliyejinyonga kwa kifungo? Alikuja!" Fundi akatema msumari kiganjani. "Akaniuliza kuku wangapi. Nikamwambia saba. Mwenzangu akasimama, akawahesabu! Wakatoka sita. Tukagombana mpaka majirani wakaja."

"Nani alishinda?"

"Ameandika sita. Na kweli mmoja alikuwa ameibwa, sikuwa najua. Ningemshukuru, lakini kwa vile alivyonikera, acha tu."

Fomu ilisema sita.

Wa pili alikuwa mjane muuza mkaa, wa tatu mwalimu mstaafu. Wote walimkumbuka Rula, na hakuna aliyempenda. Mwalimu alisema yule kijana alirudi siku ya pili kwa ajili ya swali moja alilokuwa amelisahau. Kila walichosema kilikaa juu ya fomu kama kifuniko juu ya chombo chake.

Ndani ya gari, dereva aliacha kutafuna.

"Hajadanganya," akasema.

"Hajadanganya hata kuku."

"Basi namba ni ya kweli. Na kama ni ya kweli..."

"Chumba kinafungwa. Twende tukamwambie mwenye kelele."

*

Mkunga, ambaye wilaya nzima ilimwita Shangazi, alikuwa mwanamke mnene mwenye mikono ya kukanda unga na sauti ya kuita ng'ombe. Wajawazito watano walikaa kwenye benchi barazani wakisubiri zamu. Aliposikia kwamba fomu ni halali, aliweka beseni chini kwa kishindo.

"Halali? Mimi nawapokea hawa kila siku. Msimu uliopita walikuja na khanga mbili, ya kuvaa na ya kumfungia mtoto. Leo mtu anakuja na moja, tunaikata. Huo ndio utajiri mliouona huko kwenu?"

"Shangazi, nimekwenda nyumba kwa nyumba."

"Basi ni yule bwana wa machimbo ya kokoto! Malori matatu, nyumba ya ghorofa, choo ndani. Yeye ndiye ametupandishia."

Dereva akaunga mkono. "Hata mimi nilimfikiria huyo huyo."

"Hapana," Kunguru akasema. "Dada zangu, samahani. Naomba msimame kidogo, mkipenda."

Wale wajawazito wakatazamana, wakacheka, wakasimama. Akawapanga barazani kwa kimo, mfupi mwanzo, mrefu mwisho.

"Hiki ndicho tunachofanya. Tunazipanga kaya zote, anayepata kidogo huku, anayepata kingi kule. Halafu tunamshika wa katikati. Kipato chake ndicho kipato cha wilaya. Sasa, huyu dada mrefu wa mwisho akipanda juu ya benchi, wa katikati atabadilika?"

"Hatabadilika," akajibu mwenyewe wa katikati, mshonaji mwenye sindano ukosini. "Ni mimi tu."

"Ndiyo hivyo. Tajiri wako wa kokoto hata akipanda juu ya bati, hasogezi kitu. Ili wa katikati apande, lazima nusu ya wilaya ipande."

"Na nusu ya wilaya haijapanda!" Shangazi akafoka. "Wewe, mdogo wangu, zamu yako, ingia ndani. Mimi siwezi kuacha kazi kwa ajili ya michezo."

Wa kwanza kwenye mstari, yule mfupi kuliko wote, akaingia ndani. Aliyemfuata akaona heri akaketi zake. Wakabaki watatu.

"Haya," akasema mshonaji. "Sasa mimi si wa katikati tena. Ni huyu."

Mwenzake aliyemzidi kichwa kizima akainua mkono kama mwanafunzi.

Kunguru alimtazama yule aliyeinua mkono, akautazama mlango alimoingia wa kwanza, akairudia benchi. Mkono wake ukaenda mfukoni kutafuta funguo za gari ambazo hakuwa nazo yeye.

"Hakuna aliyerefuka," akasema.

"Nani arefuke?" dereva akauliza.

"Hakuna hata mmoja aliyerefuka hapa, na wa katikati amepanda! Wafupi wameondoka kwenye mstari, basi. Shangazi! Kuna watu wamehama wilaya hii?"

"Wahamie wapi? Nauli wanayo?"

"Kuna ugonjwa uliofagia?"

"Mdomo wako uwekee pamba. Watu ni wale wale, nyumba ni zile zile."

"Basi kaya ndogo zimekwenda wapi? Watu wapo, nyumba zipo, kaya hazipo. Dereva, washa gari!"

"Na chumba changu?" Shangazi akapaza sauti nyuma yao.

"Saa kumi bado!"

*

Alichagua boma lenye nyumba nyingi, lililokuwa kwenye fomu kama kaya moja. Zilikuwa nyumba tatu zilizozunguka uwanja uliofagiliwa. Kila nyumba ilikuwa na jiko lake la nje lililoezekwa kwa nyasi. Moshi ulitoka jiko moja tu.

Mwenye boma, mzee aliyekuwa akishona mkeka, aliwakaribisha kwa adabu na kuwatilia mashaka kwa macho. Mkwe wake mdogo, mke wa kitinda mimba, alileta viti.

"Mwanangu," Kunguru akamwambia, "jiko lako ni lipi?"

Yule binti akamtazama baba mkwe. Mzee akashughulika na mkeka.

"Lile pale," akasema.

"Naruhusiwa kulichungulia?"

"Mwishoni mgeni ataomba kuchungulia na vitanda," mzee akanong'ona, lakini hakukataa.

Kunguru akasukuma mlango wa fito. Ndani kulikuwa kweupe, hakuna hata harufu ya jivu. Katikati ya mafiga matatu, pale moto unapopaswa kukaa, kuku alikuwa ameatamia. Alijivimbisha manyoya na kumtolea mgeni jicho moja jekundu.

"Usimsogelee, mzee wangu, huyo ana mdomo kama mama mkwe wa watu," binti akasema. "Wangu mimi hana neno."

"Mara ya mwisho kuwasha moto hapa ni lini?"

"Tangu mvua ilipotukimbia mara ya pili."

"Na jiko la shemeji yako?"

"Tumewekea majembe."

"Mnakula wapi?"

"Kwa mama mkwe, sote. Kuni zimekuwa dhahabu. Moto mmoja, sufuria moja, na uji ukipungua unaongezwa maji. Ukipungua tena, tunawapa watoto."

"Si kila kitu cha ndani kinaambiwa mgeni," mzee akasema.

"Baba, si amekuja kuuliza?"

Mzee akaweka sindano chini. "Basi andika vizuri. Wanangu niliwaoza, nikawajengea, kila mmoja akawa na moto wake. Nilijivunia. Leo wamerudi kunyonya kwa mama yao na ndevu juu. Hilo nalo lina mahali kwenye karatasi zenu?"

Kunguru alichuchumaa kando yake. "Lina mahali, mzee. Nisaidie nilipate. Ule mwaka wa dodoso la pili, kila mtu na moto wake, wewe ulikuwa unapata kiasi gani kwa mwezi?"

"Elfu arobaini, za maziwa."

"Mkubwa?"

"Hamsini, machimboni."

"Huyu mdogo?"

"Sitini," binti akasema. "Tulikuwa na kibanda cha kuchaji simu."

"Na sasa?"

Maziwa yalikuwa yamebaki ya elfu thelathini. Machimboni walipunguza zamu, mkubwa alipata thelathini na tano. Mdogo, baada ya kibanda kufa, alibeba mizigo sokoni kwa arobaini.

"Jumlisha," Kunguru akamwambia dereva.

Dereva akahesabu kwa vidole. "Mia na tano." Akahesabu tena. "Mia na tano! Mzee, kaya hii imetajirika! Mwaka ule hakuna aliyepita sitini."

"Nani aliyetajirika?"

Dereva akamtazama binti, akamtazama mzee, akamtazama kuku.

"Hakuna," akasema polepole. "Kila mmoja ameshuka."

"Kila mmoja ameshuka! Kaya tatu za arobaini, hamsini na sitini zimefutika kwenye mstari, imeingia moja ya mia na tano. Sisi tukapiga makofi." Kunguru alikuwa tayari amesimama. "Mzee, asante. Binti, kuku wako Mungu amtunze. Dereva, kwa Rula, na usiyaonee huruma matairi."

*

"Kaya ni nini?" Kunguru aliuliza kabla hajafika katikati ya chumba.

Rula hakusita. "Kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Ukurasa wa pili wa mwongozo."

"Mwongozo wa mwaka huu?"

"Wa miaka yote. Haujabadilika hata nukta."

"Ulipoanza kazi dodoso la pili, kaya moja ilikuwa na watu wangapi, kwa kawaida?"

"Wanne. Watano."

"Na safari hii?"

"Tisa, kumi. Kuna moja ya kumi na sita."

"Hukushangaa?"

"Kazi yangu ni kuuliza, si kushangaa."

Dereva akaguna. Kunguru hakucheka, hakukemea. "Umeuliza vizuri kuliko wote niliowahi kuwakagua. Na kwa kuuliza vizuri hivyo umeisaidia njaa ivae suti. Una nakala za fomu za dodoso la pili?"

"Kabatini. Data zilikwenda makao makuu, karatasi zikabaki."

"Kila fomu ina kipato cha kaya na idadi ya walaji?"

"Kila moja." Rula akaanza kuelewa. Mkono ukapanda kooni, ukafungua kile kifungo. "Unataka tugawe."

"Nataka tugawe. Kuku mmoja katika mafiga si wilaya. Kamati itanicheka. Nataka wilaya nzima, kila chungu kigawanywe kwa vinywa vyake, mwaka ule na mwaka huu. Halafu tupange. Ofisi yako haina sakafu ya kutosha."

"Zahanati ina baraza refu," Rula akasema. "Ila Shangazi ataniua."

"Akuue baada ya saa kumi."

Shangazi kweli alimpokea kwa mwiko wa chuma. "Mwizi huyu anafuata nini hapa?"

"Anakuja kukuokolea chumba," Kunguru akasema. "Mpe nafasi, mpe maji."

Wakagawana kazi. Rula aligawa kwa kichwa, midomo ikienda mbio kama anayesali, akiandika namba kubwa kwa penseli kwenye kona ya kila fomu. Dereva alipanga. Wale wajawazito waliobaki nao hawakukubali kukaa. Mshonaji alichukua mstari wa dodoso la pili, mrefu akachukua wa tatu, na kila fomu ilipofika waligombana iingie wapi, huku wakizigandamiza kwa kokoto upepo usizichukue. Mistari ilipita mlango wa dawa, ikapita chumba cha kujifungulia, ikapinda kona, ikaishia kwenye pipa la maji.

"Hii elfu saba na nusu, wapi?"

"Nyuma ya nane, wewe! Ulisoma wapi?"

"Nilisomea tumboni kwa mama. Sogea."

Kamati ilikuwa imeshakaa. Simu ya Kunguru ililia, akaiacha ilie. Alianza kutembea kwenye mstari wa dodoso la pili kutokea kwa masikini, Rula akatembea kutokea kwa tajiri, kila mmoja akiruka fomu moja kwa kila hatua ya mwenzake. Wakakutana mbele ya dirisha la dawa. Kunguru akainama.

"Elfu kumi na moja kwa kila mlaji."

Wakahamia mstari wa dodoso la tatu. Wakakutana karibu na mlango wa chumba cha kujifungulia, na safari hii Rula ndiye aliyeinama.

"Soma, kijana," Shangazi akasema.

"Elfu nane."

*

Kwenye simu, Mkurugenzi wa takwimu alikuwa amekasirika. "Kunguru, kamati inasubiri jibu moja. Fomu ni za kughushi au si za kughushi?"

"Si za kughushi, mkuu."

"Vizuri. Tunapiga muhuri."

"Usipige! Wilaya haikupanda, imebanana. Watu wamezima majiko wakaingia chungu kimoja, nasi tukahesabu vyungu. Nimegawa kila chungu kwa walaji wake. Chungu cha katikati kilikuwa na elfu kumi na moja kwa kila mlaji, leo kina nane."

"Kanuni inasema kaya."

"Kanuni sijaigusa. Lakini ukilinganisha miaka, linganisha kilicho sawa. Kaya ya watu wanne na kaya ya watu kumi si ndugu, zimefanana jina tu."

"Na mstari wa umaskini? Umewekwa kwa kaya."

"Kaya ya watano, mkuu. Mliuweka ninyi wenyewe, ukigawa kwa watano unapata elfu kumi na mbili kwa kila kichwa. Nane iko juu yake au chini yake?"

Upande ule kulikuwa na minong'ono na kiti kilichoburutwa. "Nani amethibitisha hesabu hii?"

Kunguru akamnyooshea Rula simu. Rula aliishika kwa mikono miwili. Jasho lilikuwa limelowesha lile shati la kunyooshwa.

"Mimi, mkuu. Ndiye niliyekusanya. Namba ya kwanza ni yangu na ni sahihi. Ya leo ni yangu pia. Ile ilihesabu majiko, hii imehesabu vinywa. Kama mnataka kujua nani anakula, chukueni ya leo. Na kama mtaona nimekosea, fomu zote ziko hapa chini, njooni mzipange upya. Mimi nitawasubiri."

Shangazi akaanza kukunja aproni yake, akaikunjua, akaikunja tena. Kisha sauti ya Mkurugenzi ikarudi, imepoa, na Rula akaibonyeza simu ili wote wasikie.

"Kamati imekubali. Wilaya inabaki chini ya mstari. Huduma zote ziendelee. Kunguru, kesho nataka maelezo kamili mezani kwangu."

Hakuna aliyesikia la kesho. Shangazi aliunyakua mkono wa Rula, ule uliokuwa na penseli, akaubusu kwa kishindo, kisha akatupa kichwa nyuma na kupiga kigelegele kilichowatoa njiwa kwenye paa. Mshonaji akapokea. Mrefu akapokea. Hata aliyekuwa ndani kitandani akaitikia kwa sauti ya mtu ambaye uchungu umeanza kumshika.

Mwendesha baiskeli aliyekuwa akipita na mzigo wa majani akasimama barabarani. "Jamani, kuna harusi?"

"Hapana, kaka!" Shangazi akamjibu, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni. "Wamekubali kwamba hatuna kitu!"

Yule bwana akawatazama mmoja mmoja, akavua kofia, akaivaa. Halafu akapiga kengele ya baiskeli mara nyingi, kwa nguvu zote, akiwapongeza.